Nusu Sekunde Kabla ya Kunyanyuka

Ilikuwa saa 10:55 alfajiri, Mei 19, 2012, huko Cape Canaveral katika jimbo la Florida, Marekani. Hesabu ya kurudi nyuma ilikuwa inakaribia sifuri. Injini 9 za roketi ya Falcon 9 zikawaka, moshi ukatanda chini ya jukwaa, na kila aliyekesha kuitazama akangoja kuona moto ukipanda juu. Haukupanda. Injini zote zilizimika, roketi ikabaki imesimama pale pale na chombo cha mizigo cha Dragon kichwani mwake, kimepakiwa shehena ya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kompyuta ndiyo iliyozizima. Zikiwa zimebaki sehemu za sekunde, karibu nusu yake, kabla roketi haijaachiwa, ilisoma kwamba shinikizo ndani ya injini namba 5, ile ya katikati, linapanda kupita kiwango. Mafundi walipochunguza walikuta vali moja mbovu, wakaibadilisha siku hiyo hiyo. Siku 3 baadaye, Mei 22, saa 9:44 usiku, roketi ikaondoka.

Tofauti ya saa hizo mbili ina sababu yake. Kituo hukimbia kuizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, kwenye njia iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Roketi inaweza kukifuata bila kuteketeza mafuta bure pale tu ambapo dunia, katika kujizungusha kwake, imelileta jukwaa chini ya njia hiyo. Wakati huo husogea mapema kwa dakika 20 na ushei kila siku. Kutoka saa 10:55 kurudi saa 9:44 ni dakika 71, yaani siku 3 za kusogea. Kwa Falcon 9 hakuna hata muda wa kuvuta pumzi: sekunde yake ikipita, safari imeahirishwa.

Chombo kile kilipofika kituoni Mei 25, mwanaanga Don Pettit akakinasa kwa mkono wa roboti, kiliandika historia. Kabla ya hapo ni vyombo vya serikali tu, vya Marekani, Urusi, Ulaya na Japani, vilivyokuwa vimefika pale. Hiki kilikuwa mali ya kampuni binafsi, SpaceX.

Chanzo cha mabadiliko hayo kilikuwa msiba. Februari 1, 2003 chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga, Columbia, kilisambaratika kikirudi duniani na wanaanga 7 wakafa. Mwaka uliofuata Rais George W. Bush akatangaza kwamba vyombo vya aina hiyo vitastaafishwa ujenzi wa kituo ukikamilika. Swali likabaki: nani atawapelekea chakula, maji na vipuri watu wanaoishi kilomita 400 juu ya ardhi? Shirika la anga la Marekani, NASA, chini ya Mike Griffin, lilitenga dola milioni 500 na mwaka 2006 likaalika makampuni. Masharti yalikuwa mapya. Kampuni ingetia fedha zake yenyewe, na ingelipwa na NASA kila ilipotimiza hatua iliyokubaliwa, si kwa kuwasilisha hesabu ya gharama zake. Makampuni 2 yalichaguliwa Agosti mwaka ule, SpaceX na Rocketplane Kistler. Ya pili ilishindwa kukusanya mtaji ikaondolewa mwaka 2007, na Februari 2008 nafasi yake ikachukuliwa na Orbital Sciences.

Desemba 23, 2008 mikataba ya kazi yenyewe ikatolewa: safari 12 kwa SpaceX kwa dola bilioni 1.6, na safari 8 kwa Orbital kwa dola bilioni 1.9. Siku hiyo Falcon 9 ilikuwa haijaruka hata mara moja, na roketi ya Orbital, Antares, ilikuwa bado inatengenezwa. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri mkubwa wa wakuu wa NASA, na ungeweza kuwatokea puani.

Ulikaribia kuwatokea puani mapema sana. Desemba 2010, siku mbili tu kabla ya Dragon ya kwanza kurushwa kwa majaribio, wakaguzi waliona ufa kwenye ukingo wa bomba la moto la injini ya hatua ya pili. Bomba hilo ni bati jembamba lililotanuka kama mdomo wa tarumbeta. Njia ya kawaida ingekuwa kuivunja roketi vipande, kulibadilisha na kupoteza wiki kadhaa. Wahandisi walipiga hesabu wakaona kwamba safari hii haikuhitaji nguvu yote ya injini ile, basi fundi mmoja akapandishwa ndege kutoka California, akaikata ile sehemu ya chini yenye ufa. Desemba 8 roketi ikaruka. Dragon ikazunguka dunia mara mbili na kutua baharini salama, ikawa chombo cha kwanza cha kampuni binafsi kurudishwa kutoka kwenye mzingo. Ndani yake mlikuwa na gurudumu zima la jibini.

Habari kama hizo husimuliwa sana. Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika kimya ndani ya chumba safi, na aliyewahi kusimama bandarini akitazama makuli wakipanga magunia ndani ya jahazi angeielewa mara moja. Shehena huwekwa kwenye mifuko myeupe ya kitambaa kisichoshika moto, mfuko wa kawaida ukiwa na urefu wa nusu mita hivi, una zipu na lebo ya kusomwa na mashine. Ndani yake vitu huzungushiwa sponji ili mtikisiko wa roketi usiviumize. Kila mfuko hupimwa uzito, na mahali pake hupangwa kwa hesabu, kwa kuwa chombo kilichoelemea upande mmoja ni shida kukiongoza. Kinachohitajiwa kwanza hupakiwa mwisho, karibu na mlango. Nguo ni nyingi, maana kituoni hakuna mashine ya kufulia: vazi likichoka hutupwa. Kuna vipuri vya choo na vya mitambo ya kusafisha maji, na vyakula vilivyokaushwa. Siku za mwisho huongezwa matunda, na harufu ya chungwa bichi, kwa mtu aliyekaa miezi angani, si jambo dogo.

Kisha huja vile visivyoweza kungoja: chembe hai zilizogandishwa, mimea, na panya wa utafiti. Hawa wanatakiwa waingie saa 24 hivi kabla ya kuruka, si zaidi. Kwa Antares jambo hilo lilikuwa gumu kwa miaka mingi, kwa sababu chombo chake, Cygnus, kilifunikwa chote ndani ya kofia ya roketi siku kadhaa kabla. Suluhisho lilipatikana mwaka 2019: kofia ilitengenezwa upya ili ncha yake ifunguke kama kifuniko. Roketi ikiwa bado imelala ubavu pale jukwaani Wallops, Virginia, chumba safi cha kuhamishika kililetwa puani pake, mfuniko ukaondolewa, na mafundi wakaingiza mizigo ya mwisho. Safari ya kwanza kutumia njia hiyo, Aprili 2019, ilibeba panya hai 40.

Maandalizi yote hayo yanaweza kukwama kwa jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Oktoba 27, 2014, pale pale Wallops, Antares ilikuwa tayari kuondoka ndipo mashua moja ya tanga ikaonekana baharini ndani ya eneo lililokatazwa. Dakika 10 za nafasi zikapita, mashua bado ipo, safari ikaahirishwa. Kesho yake, saa 12:22 jioni, bahari ilikuwa tupu na roketi ikanyanyuka. Sekunde 15 hivi baadaye mlipuko ukatokea chini yake, ikaanguka karibu na jukwaa na kuimulika pwani yote ile. Hakuna aliyeumia. Mzigo wote uliteketea, zikiwemo setilaiti ndogo 26 za kampuni moja na majaribio ya wanafunzi. Injini zake zilikuwa zimetengenezwa Urusi ya Kisovieti kwa ajili ya roketi ya kwenda mwezini, zikakaa ghalani miongo kadhaa, kisha zikakarabatiwa Marekani. Pampu ya oksijeni ya injini mojawapo ndiyo iliyolipuka.

Mambo yakazidi. Aprili 2015 chombo cha Progress cha Urusi kilipotea. Juni 28 mwaka huo huo Falcon 9 ikasambaratika sekunde 139 baada ya kuondoka. Kwa maelezo ya SpaceX, kilichovunjika ni fito moja ya chuma iliyoshikilia mtungi wa heliamu ndani ya tangi la oksijeni, na ilivunjika kwa mzigo wa sehemu ya tano tu ya ule ambao ilipaswa kuustahimili. Kinachouma zaidi ni kwamba Dragon yenyewe haikulipuka. Iliruka mbele ikiwa nzima, ikaendelea kutuma mawimbi hadi ilipozama upeoni, kisha ikagonga bahari, kwa sababu programu yake haikuwa imeandikwa kufungua miamvuli katika hali kama ile. Programu hiyo ilibadilishwa.

Vyombo 3 katika miezi 8: hapo ndipo busara ya kuwa na wasafirishaji zaidi ya mmoja ilipoonekana. Kampuni ya Orbital, roketi yake ikiwa bado haijapona, ilinunua nafasi kwenye roketi ya Atlas V ya kampuni nyingine, na Desemba 6, 2015 Cygnus ikaondoka. Njaa haikuingia kituoni.

Hadithi hii ina mlango mmoja unaofungukia Afrika Mashariki. Aprili 2, 2018, Dragon iliyoondoka Cape Canaveral ilibeba setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ikapata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Ilisafiri kama mzigo wa kawaida, imezimwa, imelala kwenye sponji ndani ya mfuko, na humo ndimo ilimokuwa faida yake. Setilaiti iliyofungwa kwa skrubu kwenye roketi hupokea mtikisiko wote, lakini ya ndani ya mfuko husafiri kama yai kwenye kapu la pumba. Mei 11 ikaachiwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kituoni. Jina hilo kwa Kijapani ni tumaini, na halina uhusiano na kilele cha Kibo cha mlima Kilimanjaro. Setilaiti ya Rwanda, RWASAT-1, ilifuata Septemba 2019 kwa chombo cha serikali ya Japani.

Zamu ya Uganda ilifika Novemba 2022. PearlAfricaSat-1 ilikuwa imeundwa na wahandisi vijana 3 wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ikiwa na kamera ya kupiga picha za ardhi, na kituo cha kuzipokea kiko Mpoma, wilaya ya Mukono. Ilipakiwa ndani ya Cygnus iliyopewa jina la S.S. Sally Ride, pamoja na setilaiti ya kwanza ya Zimbabwe na tani 3.7 za shehena. Siku ilipangwa kuwa Novemba 6. Alfajiri hiyo roketi ya Antares ilikuwa nzima na hali ya hewa haikuwa na neno, ila kengele ya moto ikalia katika jengo la kuongozea Cygnus huko Dulles, kilomita nyingi kutoka jukwaani. Waongozaji wakalazimika kutoka nje. Bila wao, hakuna safari.

Kesho yake, saa 11:32 alfajiri ya Virginia, saa 7:32 mchana wa Kampala, ikaondoka. Hata hapo shida haikuisha: kipande cha kitambaa cha kuzuia kelele kilichotoka kwenye roketi kilinasa kwenye paneli mojawapo kati ya 2 za jua, isifunguke. Waongozaji wakahesabu umeme uliopo, wakaridhika kwamba paneli moja inatosha, na Novemba 9 Nicole Mann akakinasa chombo kwa mkono wa roboti. Desemba 2 PearlAfricaSat-1 ikaachiwa angani.

Antares ya aina ile haipo tena. Hatua yake ya kwanza ilijengwa Ukraine na injini zake Urusi, na vita vilivyoanza Februari 2022 vikakata ugavi huo. Ya mwisho iliruka Agosti 2023. Tangu Januari 2024 Cygnus imekuwa ikipanda Falcon 9, roketi ya mshindani wake.

Setilaiti hizi 3 za ukanda wetu, ya Kenya, ya Rwanda na ya Uganda, zilikabidhiwa Japani ndipo zikasafirishwa. Si aibu, ndivyo wengi walivyoanza. Lakini waliozitengeneza wamekwisha kujifunza kazi ngumu kuliko zote katika safari hizi: kupima, kutikisa, kugandisha, kupima tena, na kuthubutu kusema "bado" pale kila mtu anapongoja kuona moto. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kuchanga fedha zikajenga maabara moja ya pamoja, yenye meza ya mtikisiko na tangi la ombwe, na kuwapa vijana hao ajira humo kabla ujuzi wao haujachukuliwa na wengine. Mawaziri wa fedha waliweke jambo hilo kwenye bajeti ijayo.