Yakuti Tumboni mwa Chuma

Katika kibaraza cha fundi saa mmoja wa Mombasa, mzee ambaye macho yake yamekwisha dhoofika kwa vitu vya mbali lakini yangali makali kwa vya karibu, nilikaa alasiri moja nikitazama saa ya marehemu baba yangu ikifunguliwa mgongo kwa mara ya kwanza tangu niirithi. Nje ilikuwa ya chuma cha pua, imechubuka pembeni, na kioo chake kimejaa mikwaruzo hata akrabu zake zilionekana kama zinapita katika ukungu. Lakini fundi alipokwisha kuinua kifuniko na kuniazima kioo chake cha kukuzia, niliona humo gizani, ambamo jicho la mvaaji halifiki, vijiwe vyekundu vimepachikwa katika shaba, vinang'aa mithili ya punje za komamanga. "Hizo ni yakuti, bwana," akaniambia, "ziko kumi na saba; na marehemu mzee wako alitembea nazo umri wake wote asizione hata siku moja."

Maneno yale yalinishangaza, kwa kuwa katika ada ya masonara wa duniani kote yakuti huwekwa juu ya dhahabu ili ionekane, nayo saa imeipindua ada hiyo, ikaweka chuma nje na johari ndani. Sababu yake si anasa. Ncha za magurudumu zikizunguka katika shaba tupu huila shaba, tundu hupanuka, na mwendo wa saa huharibika. Ama yakuti ni ngumu, haichakai, na ikisuguliwa vyema haiuzuii mwendo. Mwaka 1704 huko London, Nicolas Fatio de Duillier, mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, pamoja na mafundi wawili wa ukoo wa Debaufre, walipewa hati ya serikali juu ya ufundi wa kutoboa vito na kuvitumia ndani ya saa. Na karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1902, Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia yake ya kuifanya yakuti kwa moto, kijiwe kile kikashuka bei hata kikawamo katika saa ya karani na ya mwalimu. Nami nilipoanza kuifuatia tarikhi ya chombo hiki, nilikuta kwamba kijiwe kile kinalifafanua umbo zima: tunayoyaita mapambo ya saa, aghalabu yalianza kuwa dawa ya dhiki fulani, na dhiki ilipokwisha kusahauliwa, dawa ikabaki, ikapendeza.

Hata hivyo mwanzo wenyewe ulikuwa kinyume, yaani uzuri ulitangulia manufaa. Saa za mwanzo za kuchukulika, zilizofanywa Ujerumani katika karne ya 16, zilikuwa na akrabu moja tu na zilipotea vibaya, hata mwenye nayo alijivunia nakshi zaidi kuliko majira. Huko Geneva mafundisho makali ya mhubiri Jean Calvin yalipowabana wavaa mapambo, masonara wengi waliuhamishia ustadi wao katika saa, maana saa iliweza kutetewa kuwa ni chombo cha manufaa. Na kufikia mwaka 1601 mafundi saa wa mji huo walikuwa na chama chao chenye kanuni. Ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, mwaka 1675, aliyetangaza ile kamani nyembamba kama unywele inayolirudisha gurudumu la mizani kwa vipimo vilivyo sawa, na tangu hapo akrabu ya dakika ikawa na maana ya kuwekwa.

Mkononi, saa iliingia kwa mlango wa wanawake. Mwaka 1810 Caroline Murat, malkia wa Naples, alimwagiza Abraham-Louis Breguet wa Paris amtengenezee saa ya kuvaa kama bangili, naye akaikamilisha mwaka 1812, nyembamba, yenye umbo la yai, ikafungwa kwa ukanda uliosukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Kwa muda wa karibu karne nzima baada ya hapo, mwanamume wa Ulaya aliyeonekana na saa mkononi alidhaniwa kuwa amevaa pambo la mkewe. Saa ya mwanamume ilikaa mfukoni, imefungwa mnyororo, na kuitazama kulihitaji mkono mmoja usiokuwa na kazi.

Mkono huo ndio uliokosekana. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyerusha vyombo vya angani juu ya Paris, alimlalamikia sahibu yake Louis Cartier kwamba hawezi kuachia usukani ili atafute saa mfukoni, na mwaka 1904 Cartier akamfanyia saa bapa ya kufungwa kwa ngozi, yenye pembe nne zilizolainishwa na skrubu zilizoachwa wazi juu ya uso, jambo ambalo sonara mwingine angelificha kwa haya. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, ambavyo mizinga yake ilipigwa kwa dakika zilizopangwa na askari wake walitoka mahandakini kwa dakika hizo hizo, na fikira ya kuwa saa ya mkono ni ya wanawake ikafia huko. Mafundi walichukua saa ndogo za mfukoni wakaziungia masikio ya waya ili zipitishwe ukanda, wakaandika tarakimu kubwa zisomeke gizani, wakafunika kioo kwa kimia cha chuma. Mwaka 1917 Cartier huyo huyo alitoa mchoro wa saa aliyoiita Tank, kwa jina la vifaru vilivyokuwa vikitambaa Ufaransa: mbavu zake mbili zinarefuka kupita kioo kama minyororo ya kifaru, nazo ndizo zinazoshika ukanda. Yale masikio ya waya, yaliyokuwa kiraka cha dharura, yakawa sehemu ya mwili, na hadi leo saa hiyo inavaliwa na watu ambao hawajapata kuona handaki.

Lakini si kila dawa ilikuwa halali ya bei yake. Ili tarakimu zing'ae usiku zilipakwa rangi yenye rediamu, na katika karakana za Marekani, miongoni mwao ile ya Orange katika New Jersey, wasichana waliopaka rangi hiyo walifundishwa kuichongoa ncha ya brashi kwa midomo yao, tarakimu baada ya tarakimu, siku nzima. Mifupa ya taya zao ikaoza, wengi wakafa wangali vijana. Na wanawake watano waliofungua daawa dhidi ya mwajiri wao mwaka 1927 walipata suluhu mwaka uliofuata, wakati baadhi yao hawakuweza tena kusimama. Tangu hapo ulinzi wa wafanyakazi wa Marekani ulipata hoja isiyopingika, na mafundi baadaye wakahamia vitu vyenye madhara madogo, hata wakafikia rangi za siku hizi ambazo hunywa mwanga wa mchana na kuutoa usiku. Anayesifu wekundu wa kahawia ulioingia katika tarakimu za saa kuukuu na akumbuke ulikotoka.

Baada ya giza, adui wa pili alikuwa maji. Hans Wilsdorf, Mjerumani aliyeanza biashara London mwaka 1905 kabla ya kuhamia Geneva, alitoa mwaka 1926 saa ya Rolex aliyoiita Oyster, yaani chaza, ambayo mgongo wake, ukingo wake na kifundo chake cha kutilia ufunguo vyote vilifungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Mwaka 1927 Mercedes Gleitze, mwogeleaji wa Uingereza, aliivaa shingoni katika jaribio la kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Baridi ilimshinda akatolewa majini baada ya saa zaidi ya 10, lakini ile saa ilikuwa inakwenda, na Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti ili watu wajue. Mwenye kuitazama saa ya aina hiyo leo ataona mifereji midogo imezunguka ukingo wa dhahabu, inapokea nuru na kuitawanya. Mifereji hiyo ilichongwa kwanza ili chombo cha fundi kipate mahali pa kukamata kilipokuwa kinaukaza ukingo. Hakuna tena anayeukaza kwa njia hiyo, na mifereji imebaki.

Ndipo, siku ya tarehe 25 Desemba 1969, Seiko wa Japani walipoweka sokoni Tokyo saa ya Astron, iliyouzwa yeni 450,000, takriban bei ya motokaa ndogo, na iliyopotea nukta 5 tu kwa mwezi. Ndani yake palikuwa na kipande cha kwatzi kinachotetemeka kwa nguvu ya betri, bila kujazwa kamani. Katika saa za namna hiyo tunazovaa sasa kipande hicho hutetemeka mara 32,768 kwa nukta, idadi ambayo ukiigawa kwa mbili mara 15 hubaki 1, na hiyo 1 ndiyo hatua moja ya akrabu. Bei ilianguka upesi, na Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, katika miaka ya 1980 ilibakiwa na kama theluthi yao. Kwa karne tatu mafundi walikuwa wamenunua usahihi kwa jasho na yakuti. Sasa usahihi ulikuwa bure, na swali la umbo likabaki peke yake mezani.

Majibu matatu yalitolewa, na kila moja lilishika upande wake. Mchoraji Gérald Genta alikuwa ameichorea kampuni ya Audemars Piguet saa ya Royal Oak, iliyotoka mwaka 1972, yenye ukingo wa pembe nane na skrubu nane zilizo wazi, fikira aliyoipata katika kofia ya shaba ya wazamiaji. Ilikuwa ya chuma cha pua, lakini chuma kilichopigwa msasa na kung'arishwa kwa uangalifu wa dhahabu, na bei yake iliwapita ndugu zake wengi wa dhahabu. Swatch, mwaka 1983, walishika upande wa pili: Elmar Mock na Jacques Müller waliipunguza saa hadi vipande 51, wakaufanya mgongo wa plastiki uwe ndio sakafu ya mitambo, wakaifunga saa moja kwa moja, na uso ukaachiwa rangi. Fundi wangu anayo moja katika mtoto wa meza, huitumia kuwaonyesha wateja. "Hii haina mlango wa fundi," husema, "ikifa, imekufa." Mwaka huo huo wa 1983 Kikuo Ibe wa Casio, aliyehuzunika kwa kuivunja saa aliyopewa na babake, alitoa G-Shock baada ya kuangusha vielelezo vipatavyo 200 kutoka dirisha la msala la ghorofa ya tatu, na siri aliipata kwa kumtazama mtoto akidundisha mpira, kwamba kitu kilicho katikati ya mpira hakipati kishindo. Ule unene wake, ambao mwanzoni wengi waliuona kuwa ni ubaya, ndio ukawa jamala yake.

Hata saa za siku hizi zenye kioo cha simu, kama ile Apple waliyoitoa mwaka 2015, zina kifundo ubavuni, ingawa hakuna kamani ya kujazwa.

Nasi watu wa Pwani tuna daawa yetu katika jambo hili, ambayo waundaji wa Geneva na Tokyo hawakupata kuisikia. Saa yetu huanza jua linapochomoza na linapotua, wala si usiku wa manane, na kwa hiyo akrabu fupi ikisimama juu ya 7, jicho la Mswahili huvuka uso wa saa hadi ng'ambo, likasoma 1. Duara la tarakimu 12 linatutosha sisi na wao kwa pamoja, bila kubadilishwa hata alama moja. Ama saa ya tarakimu tupu, yenye kuandika 7:00, haina ng'ambo: lazima mtu atoe sita kichwani mwake.

Fundi aliurudisha mgongo, akaukaza, akatia ufunguo taratibu huku ameinamisha sikio, kisha akalinganisha majira na simu yake na kunikabidhi. "Haya, isome," akasema, kama amjaribuye mtoto wa chuoni. Akrabu fupi ilikuwa imesimama juu ya 5, nami nikamjibu mara moja, "Saa kumi na moja kamili, mzee wangu."