Huoza au Huozeshwa?

Mfuko unaouziwa siku hizi kwenye kaunta ya supamaketi una maandishi ya kijani ubavuni. Mara nyingi ni ya Kiingereza, 'biodegradable', na mtengenezaji akijitahidi kuweka Kiswahili, basi utasoma 'rafiki kwa mazingira'. Tafsiri hiyo imeshika hadi redioni, lakini mimi ningeitupa. Neno la Kiingereza, pamoja na ubovu wake, linadai jambo linaloweza kupimwa maabarani: kwamba bakteria na kuvu wanaweza kuila bidhaa hiyo hadi ikaishia kuwa maji, gesi ya kaboni dayoksaidi na mabaki kidogo. Urafiki haupimwi. Umoja wa Ulaya umeliona hilo, ukatunga sheria mwaka 2024 ya kuwazuia wafanyabiashara kujipa sifa za jumla za aina hii bila ushahidi, na utekelezaji wake umepangiwa tarehe 27 Septemba 2026.

Tuseme basi 'mfuko unaooza'. Hapo tumesogea, ila hatujafika. Nyama ya Soko la Burma, hapo Shauri Moyo jijini Nairobi, isipouzwa wala kutiwa kwenye friji huoza, na hakuna aliyeisaidia. Mkulima anayetaka mboji hangoji hivyo: hurundika, hunyunyizia maji, hugeuza rundo hewa ipite. Yeye huozesha. Kiambishi kimoja tu kimetenga mambo hayo mawili, na mifuko mingi inayosifiwa madukani iko upande wa pili.

Chukua plastiki inayoitwa PLA, ambayo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au kwa miwa. Asili yake ni shambani, kwa hiyo muuzaji hana shida kumshawishi mteja kwamba itarudi shambani. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432, cha mwaka 2000, kinadai kwamba kifungashio cha aina hii kivunjike ndani ya wiki 12 kiasi kwamba kisichozidi asilimia 10 ndicho kitakachobaki juu ya chekecheo la matundu ya milimita 2, na ndani ya miezi 6 asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka gesi. Masharti ni magumu. Ila vipimo hivyo huigiza hali ya kiwanda cha mboji, ambako joto huwa karibu nyuzi 58, unyevu unalindwa na hewa inapita. Kirundo cha nyuma ya nyumba hakitunzi joto kama hilo kwa wiki mfululizo, sembuse mtaro unaoteremsha uchafu wa mtaa hadi Mto Nairobi. Humo PLA inaweza kukaa miaka.

Ndiyo maana kwa vifungashio hivi napendekeza 'vya kuozeshwa', na 'vya kuoza' viwe vile tu visivyomngoja mtu: jani la mgomba, karatasi ya kaki isiyopakwa plastiki. Faida ya 'kuozeshwa' ni kwamba msikilizaji yeyote atauliza papo hapo: na nani, na wapi? Swali hilo Nairobi si la kisarufi. Taka nyingi za jiji huishia Dandora, jalala lililofunguliwa 1975 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kumwaga. Ndani kabisa ya lundo kama lile hewa haipenyi. Hata karatasi hukawia, na kinachooza bila hewa hutoa methani.

Kuna jamii nyingine ambayo haistahili jina lolote kati ya hayo mawili. Ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali za kuifanya ivunjikevunjike kwa jua na joto. Baada ya muda huoni mfuko, unaona chembe, baadaye huoni kitu, lakini plastiki ipo palepale kwenye udongo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2019 kuipiga marufuku. Hii tuiite 'plastiki ya kupukutika', na anayeiuza kama ya kuoza anadanganya.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni mfuko ambao watu huuita 'wa kitambaa'. Majuala yalipigwa marufuku Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, kwa tangazo nambari 2356 la gazeti rasmi la serikali, na adhabu ikawa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mkate ulibaki ndani ya plastiki, kwa sababu vifungashio vya kiwandani vinavyogusana na bidhaa viliachwa nje ya marufuku. Pengo la kaunta likajazwa na mfuko laini wa rangi, wenye vishikio. Toa uzi pembeni yake, uuguse na kiberiti: haugeuki jivu kama pamba, unajikunja, unayeyuka, unadondoka tone linaloganda. Ni polipropilini, plastiki ileile ya kamba na magunia ya sukari. Mwaka 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilitangaza kuipiga marufuku mifuko hii kwa kuwa mingi ni hafifu mno kutumiwa tena, na mzozo ukafika mahakamani. Mfuko huu hauozi wala hauozeshwi. Ukiwa mzito na ukaenda nao sokoni hadi uchanike, uite 'wa kurudia', inatosha.

Aprili 2024 NEMA iliagiza taka zinazooza zitiwe katika mifuko inayooza kwa asilimia 100 pekee, baada ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 kutaka taka zitenganishwe. Agizo zuri, ila 'asilimia 100' bila muda wala mahali ni nusu ya habari. Maganda ya viazi ya kibanda cha chipsi yataoza kabla mfuko wake haujaanza. Lebo ya haki ingetaja mambo matatu: mfuko ni wa kuoza au wa kuozeshwa, kwa nyuzi ngapi na miezi mingapi, na kiwanda gani kitaupokea. Mnunuzi wa Shauri Moyo angeanza kusoma la tatu.