Lugha ya alama Lobule: haki za viziwi kazini, hospitalini na mikutanoni

Makazi ya wakimbizi ya Lobule yamo wilayani Koboko, katika pembe ya Uganda inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Tangu mwaka 2013 yamewapokea wakimbizi kutoka Kongo, wanaoishi bega kwa bega na wenyeji. Husikika huko Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili. Lakini wapo wakazi ambao lugha zote hizo haziwafikii, kwa kuwa zote hupita masikioni.

Mambo muhimu

• Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa viziwi.
• Kiziwi aliyesoma Kongo na kiziwi aliyesoma Uganda huenda wasielewane mara moja, kwa sababu lugha za alama hutofautiana.
• Mtoto hapaswi kuwa mkalimani wa mzazi wake hospitalini, polisi au mahakamani.
• Marekebisho mengi yanayohitajika kazini na mikutanoni hayana gharama kubwa.

Kwa nini tangazo la kipaza sauti halitoshi?

Katika makazi ya wakimbizi, habari nyingi za lazima hutolewa kwa sauti: siku ya mgao wa chakula, zamu ya chanjo, majina ya wanaoitwa kuhakikiwa. Anayekosa tangazo hukosa zamu, na anayekosa zamu hurudi nyumbani mikono mitupu. Uziwi nao hauonekani kwa macho. Mtu anayeketi kimya kwenye foleni huweza kudhaniwa kuwa mkaidi au mlevi, au kuitwa bubu, jina ambalo viziwi wengi hulikataa kwa kuwa linadai hawana lugha.

Ndiyo maana uandikishaji ni hatua ya kwanza. Maswali ya kundi la Washington, yanayotumiwa katika sensa na mashirika ya misaada, hayamuulizi mtu kama ana ulemavu. Humuuliza kama anapata shida kusikia, na kwa kiasi gani. Swali la namna hiyo huwafichua wahitaji ambao jicho la karani lingewapita.

Je, lugha ya alama ni moja duniani?

La. Lugha za alama ni nyingi, na kila moja ina msamiati na sarufi yake. Lugha ya Alama ya Uganda imekua miongoni mwa viziwi wenyewe, ikichota pia kutoka lugha za alama za Uingereza na Marekani. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 2006. Upande wa Kongo, historia ni nyingine. Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi aliyeanza kazi nchini Ghana mwaka 1957, alianzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, ikiwamo Kongo ilipokuwa ikiitwa Zaire. Alama zilizofundishwa humo zilitokana na za Marekani, zikiambatana na maandishi ya Kifaransa. Foster alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, lakini alama hizo bado zinatumika.

Kwa hiyo, kiziwi wa Kongo aliyesoma huvuka mpaka akiwa na lugha, ila si ile ya mkalimani wa Uganda. Ambaye hakusoma huwa na ishara za nyumbani tu, zinazoeleweka na jamaa zake. Vita vikimtenga na jamaa hao, hupoteza watu pekee waliomwelewa. Katika hali hiyo huhitajika mkalimani kiziwi, mwenye uzoefu wa kufikisha maana kwa vitendo, picha na ishara za papo hapo, akishirikiana na mkalimani anayesikia.

Sheria inasema nini?

Uganda ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuitaja lugha ya alama katika katiba. Chama cha Kitaifa cha Viziwi nchini humo kilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1996 Alex Ndeezi aliingia Bungeni, akawa mmoja wa viziwi wa kwanza duniani kuwa wabunge. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaozitambua lugha za alama kuwa lugha kamili na kuyataka mataifa yawalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na majanga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inasisitiza hilo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inamruhusu mkimbizi kutafuta kazi.

Haki zimo kwenye karatasi. Tatizo ni umbali kati ya karatasi na watu. Wakalimani hufundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, mjini Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka Koboko.

Hospitalini na mahakamani

Mara nyingi mama kiziwi huenda kituo cha afya na binti yake anayesikia. Mtoto huyo hulazimika kutafsiri habari za ujauzito, maambukizi au ubakaji. Huweza kuficha lililo zito, au kulibeba moyoni peke yake. Mgonjwa naye huridhia matibabu asiyoyaelewa. Jamaa anaweza kumsindikiza, lakini ukalimani ni kazi ya mtu aliyefunzwa na anayetunza siri. Pale asipopatikana, simu ya video inaweza kumuunganisha mkalimani aliye Arua au Kampala, mradi mtandao uwepo. Katika kesi ya jinai, katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo.

Kalamu na karatasi si jibu la jumla. Wengi hawakupata shule, na kwa waliosoma, Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu.

Kazini na mikutanoni

Fundi wa cherehani au seremala hahitaji kusikia ili afanye kazi yake vizuri. Anachohitaji ni maelekezo yanayoonekana. Mwajiri anaweza kuonyesha kazi kwa vitendo, kuweka taa inayowaka badala ya kengele ya hatari, kutuma ujumbe wa video badala ya kupiga simu, na kuwapa wafanyakazi wote muda wa kujifunza alama za msingi, mwalimu akiwa kiziwi anayelipwa.

Katika mikutano na vyama vya kuweka na kukopa, watu wakae duara ili nyuso na mikono ionekane. Asemaye asimame penye mwanga, si dirisha likiwa nyuma yake. Azungumze mmoja mmoja. Kikao kirefu kihitaji wakalimani wawili wanaopokezana, maana uchovu hupunguza usahihi. Anayezungumza na kiziwi amtazame kiziwi mwenyewe, si mkalimani.

Pa kuanzia

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inatenga viti kwa wawakilishi wa watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, katika mabaraza ya wilaya na ya kata ndogo. Familia za Lobule zinaweza kupeleka kwao ombi la mkalimani au la darasa la alama, na kuwajulisha maafisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wanaosimamia makazi ili uziwi uandikwe kwenye kumbukumbu za kaya. Mtoto kiziwi apelekwe mapema penye watoto wenzake wanaotumia alama. Mtoto anayekosa lugha katika miaka yake ya mwanzo hupata shida kuifidia baadaye, hata apewe shule nzuri kiasi gani.