Kipachiko: jina la kifaa kisichofanya kazi peke yake

Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, mkazi wa Oudergem jijini Brussels, bado anayo Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, iliyochomekwa kifaa cha 32X kichwani. Igeuze uione kwa nyuma: waya mfupi unatoka Mega Drive na kuingia 32X, na 32X ndiyo inayopeleka picha kwenye televisheni.

Kifaa cha aina hii tukiiteje? Kifaransa na Kiholanzi, lugha mbili za Oudergem, hutumia maneno ya kupanua. Sisi wengi husema "kifaa cha ziada", lakini hata padi ya pili ni kifaa cha ziada. "Kiambatisho" kimeshachukuliwa na barua pepe. Mimi nashikilia kipachiko, wingi vipachiko: kitu kinachotiwa kwenye kingine kikakaa, na kisichofanya kazi bila mwenyeji wake.

32X inalistahili jina hilo mara mbili. Inachomekwa kwenye tundu la kaseti. Kisha picha inayochorwa na prosesa zake mbili, Hitachi SH-2, inapachikwa juu ya picha ya Mega Drive, mtazamaji akaona moja. Mandhari ya nyuma yaweza kuwa ya Mega Drive na gari linalopita mbele likawa la 32X. Ndiyo kazi ya ule waya, na neno la kupanua halilisemi hilo.

Sega iliitoa 32X Marekani Novemba 1994, mwezi uleule Saturn ilipoingia sokoni Japani. Nani angenunua kipachiko cha mashine ya zamani huku mpya ya kampuni hiyohiyo iko njiani? Kufikia 1996 mambo yalikuwa yamekwisha. Gemu zake zote ni 40, na sita kati ya hizo zinadai pia kipachiko cha pili, Mega-CD: vipachiko viwili kwa mwenyeji mmoja, adapta tatu za umeme ukutani.

Uchache huo usitufanye tuzidharau gemu za 32X. Katika Kolibri unakuwa ndege mdogo, mfano wa chozi wetu, anayepigana angani katikati ya maua. DarXide ilitoka kwa kampuni ya David Braben, mmoja wa watunzi wawili wa gemu ya Elite ya 1984, ikauzwa Ulaya pekee. Wakusanyaji wanaitafuta sana. Ukiipata kaseti hiyo bila kipachiko, Mega Drive yako haitaweza kuicheza.