Barakoa na Bandari Mbili

Neno barakoa ni kongwe kuliko gonjwa lililolirudisha midomoni mwa watu. Katika Unguja ya masultani lilikuwa jina la kifunika uso cha hariri kilichotariziwa nyuzi za dhahabu na fedha, wakikivaa mabibi wa majumba makubwa wanapotokeza mbele za watu. Hariri ile ikachakaa, jina likabaki katika makamusi na katika kumbukumbu za wazee. Mwaka 2020 likafufuka ghafla, likavishwa kila mtu, mchukuzi na waziri, na kwa muda wa miezi michache tu likawa neno la kugombaniwa: kuvaa ni busara ama ni woga? Kufunga ni kinga ama ni njaa?

Ugomvi huo ulikuwa na sura mbili katika pwani moja. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ikafuata tarehe 16, na haikupita juma moja kabla ya Unguja nayo kutangaza wake. Skuli zikafungwa pande zote mbili. Hadi hapo mtu angedhani Mombasa na Unguja zitakwenda pamoja, kama zilivyozoea kwenda pamoja katika msimu wa kusi na wa kaskazi, katika ndoa na katika mashairi. Hazikwenda.

Mombasa ilifungwa kwa nguvu. Amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo ya kwanza askari waliwafukuza kwa virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni ili warudi makwao kabla ya saa kufika. Amri iliyowekwa ili watu wasisongamane ikawasonga pamoja, wakikohoa moshi. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka mjini zikazuiwa. Mwanzoni mwa Mei ikaja zamu ya Mji wa Kale kutengwa peke yake, na ilikuwa katikati ya Ramadhani. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Tarawehe zikaswaliwa majumbani, baba akiwa imamu na watoto wakiwa safu, na baada ya futari hapakuwa na baraza wala kahawa wala sauti ya mpita njia katika vichochoro ambavyo mwezi huo huwa havilali.

Hapo ndipo mjadala ulipokuwa mkali. Waliotaka kufunga walikuwa na hoja yenye uzito katika dini yenyewe: hadithi mashuhuri isemayo kwamba pakiingia tauni katika nchi msiiendee, na ikiwakuta ndani yake msitoke kuikimbia, na kisa cha Sayyidna Omar aliyegeuza njia asiingie Sham wakati wa tauni ya Amwas, akasema kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Waliotaka kufungua nao hawakuwa wajinga, kama walivyopenda kuwasema mahasimu wao. Waliuliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha: mchuuzi wa viazi karai, anayeuza kuanzia magharibi na kula faida ya usiku huo asubuhi yake, atakula nini saa ya kazi yake ikiwa ndiyo saa ya kufungiwa? Amri ya usiku ililegezwa mwezi Juni ikaanza saa tatu, Mji wa Kale ukafunguliwa, na mwezi Julai njia za Mombasa zikafunguliwa pia. Misikiti nayo ikaruhusiwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, wala asiingie aliyepita umri wa miaka 58. Basi wazee waliozijenga safu hizo wakabaki nje, na vijana wakaswali wakiwa wametengana hatua kadhaa, jambo ambalo mafunzo yote ya safu hulikataza.

Tanzania ilishika njia nyingine. Rais John Magufuli alitangaza mapema kwamba nyumba za ibada hazitafungwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye uponyaji. Takwimu za taifa zilikoma tarehe 29 Aprili, zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye Rais akaitia ila maabara ya taifa, akieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa kwa siri zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Zanzibar iliendelea kutoa hesabu zake kwa siku chache zaidi, nayo ikanyamaza. Tarehe 18 Mei anga likafunguliwa kwa ndege za abiria kutoka nje, na mwezi Juni ikatangazwa kwamba nchi imeokoka.

Si haki kuyasoma hayo yote kama ukaidi mtupu. Visiwa vinavyoishi kwa karafuu, mwani na wageni havina ghala la kungojea. Mwaka 2019 waliingia Zanzibar watalii wapatao 538,000. Mwaka 2020 idadi hiyo ikashuka chini ya nusu, kiasi cha 260,000. Kila mgeni asiyefika alikuwa na dereva wake, mvuvi wake, mpishi wake na mfua nguo wake. Waliofurahia kuona ndege za Warusi na Waukraine zikitua majira ya baridi ya kwao walikuwa wakifurahia chakula.

Lakini kufungua ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo jingine. Kosa kubwa la zama zile lilikuwa kuyafanya mawili hayo kuwa moja. Yawezekana mji ukafungua soko lake na bado ukahesabu maiti zake. Lugha ndiyo iliyobeba mzigo wa ukimya huo. Watu hawakufa kwa korona. Walifariki kwa nimonia, au kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, tamko laini kama pamba, lisilo mshitakiwa wala shahidi. Na nyungu, chombo cha udongo cha bibi zetu cha kujifukiza kwa majani, kikapandishwa cheo kikawa sera.

Mwishoni mwa Januari 2021 Rais alitia shaka chanjo hadharani. Tarehe 31 ya mwezi huo chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona, yeye na mkewe na baadhi ya wasaidizi wake. Tangazo hilo fupi lilikuwa na ushujaa kuliko hotuba nyingi: mkubwa wa serikali ameuita ugonjwa kwa jina lake. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari, akazikwa kesho yake Mtambwe, Pemba, mbele ya umati uliojaa barabara. Taarifa rasmi ya kifo haikutaja maradhi. Siku nne baada ya kifo hicho, Rais mwenyewe aliwaambia watu kwamba hakukataza barakoa, ila wavae zilizoshonwa nchini.

Alipofariki Magufuli tarehe 17 Machi, Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarudi, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya kamera. Neno jipya, UVIKO-19, likaenea, na kufikia Oktoba, ulipozinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, wengi walilijua zaidi kwa madarasa yaliyojengwa: fedha za UVIKO.

Je, bandari ipi ilipatia? Wenye kupenda hukumu za haraka watasema iliyofunga. Hata hivyo watafiti waliopima damu za wachangiaji wa Kenya kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 nchini, na 8 katika kila 100 Mombasa, walikuwa wamekwisha kupatwa na virusi, maelfu kwa maelfu kupita hesabu ya hospitali. Mji uliofungwa njia zote ulikuwa ukiambukizana ndani kwa ndani. Kwa hiyo hata upande uliohesabu uliona kipande tu cha jambo. Lakini ulipoamua kutazama tena ulikuwa na damu ya kutazama na tarehe za kuilinganisha nayo. Upande wa pili, kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021, daftari halina kitu. Atakayetaka kuijua miezi hiyo itambidi aende makaburini, Mwanakwerekwe na kwengineko, asome tarehe moja baada ya moja, pale ambapo jiwe limeandikwa.