Kiti cha Mbunge, Kadi ya Chama

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, chama cha TANU kilizoa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kimoja kilichobaki kilikwenda kwa Herman Sarwatt wa Mbulu, naye wala hakuwa mpinzani. Alikuwa mwana-TANU aliyesimama kivyake dhidi ya mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo, na watu wa Mbulu wakamtaka yeye. Kisa hicho kina uzito kuliko vile viti 70, maana Sarwatt alifanya jambo ambalo sheria haimruhusu Mtanzania wa leo kulifanya.

Baraza lenyewe lilikuwa limetoka mbali. Lilipokutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926, kiongozi wa kikao alikuwa Gavana Donald Cameron, na hapakuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Ilibidi kungoja hadi 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Enzi hizo mtu alikaa barazani kwa hisani ya gavana.

Kisha ikaja zamu ya chama. Katiba ya mwaka 1965 iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja, TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar. Si kwamba mpiga kura alifungwa mdomo kabisa: TANU ilisimamisha wagombea wawili jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Mpiga kura aliweza kumwingiza mtu, ila hakuweza kumlinda. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza wabunge kadhaa wenye ndimi kali, akiwamo Joseph Kasella-Bantu, mmoja wa waasisi wa chama. Kadi ilipokwenda, kiti nacho kikaenda. Majimbo yao hayakuulizwa.

Vyama vingi viliporudi 1992, fundo hilo halikufunguliwa. Kila chama kilipewa kamba yake. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea apendekezwe na chama, na ya 71 inamvua ubunge anayeacha kuwa mwanachama. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kupinga katazo la mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubaliana naye, lakini Bunge likabadili Katiba kuziba upenyo huo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo si la mahakama. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Hukumu ipo, katazo nalo lipo. Tena wenye mamlaka ya kuliondoa ni walewale walioingia ukumbini kwa udhamini wa vyama.

Watetezi wa utaratibu huu husema unazuia wabunge kununuliwa. Yaliyotokea hayawaungi mkono. Mwaka 2017 Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha walijiuzulu ubunge wa upinzani, wakahamia chama tawala, CCM, na Februari 2018 wakarudi katika majimbo yaleyale kwa chaguzi ndogo zilizogharimiwa na umma. Ibara ya 71 haikuzuia kuhama. Iliongeza gharama tu.

Ilichozuia ni ujasiri. Bunge la Tanzania limeonyesha meno hasa pale chama tawala kilipopasuka ndani. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe wa CCM, chini ya Spika Samuel Sitta wa CCM, na ripoti yake ndiyo iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Siku za umoja ndani ya chama, ukumbi wa Dodoma hujaa tu sauti za "ndiyo".

Hata hivyo ibara hiyo haina makali yaleyale kwa kila mtu. Julai 2017, chama cha upinzani cha CUF, kilichokuwa kimegawanyika, kiliwafukuza wabunge wake wanane wa viti maalumu vya wanawake, na Spika Job Ndugai akatangaza viti vyao kuwa wazi ndani ya siku chache. Novemba 2020 chama kingine cha upinzani, CHADEMA, kiliwavua uanachama Halima Mdee na wenzake 18, nao wa viti maalumu, siku tatu baada ya kuapishwa. Spika alikuwa yuleyule. Wote 19 walibaki bungeni hadi Bunge hilo lilipovunjwa mwaka 2025.