Taswira ya Mji wa Zanzibar Machoni pa Wageni na Wakazi Wake, 1856–1928

Historia ya mji wa Zanzibar katika karne ya 19 imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na kumbukumbu za watu walioufikia kwa jahazi au meli. Katika kumbukumbu hizo hurudiwa picha moja: kutoka baharini mji ni mweupe, wenye majumba yaliyojipanga pwani na milingoti ya vyombo mbele yake, mgeni akishateremka, sifa hugeuka kuwa uvundo, uchafu na vichochoro visivyo na mpango. Picha hii imenakiliwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine, hata ikachukuliwa kuwa maelezo ya mji wenyewe. Makala haya yanajenga hoja kwamba picha hiyo si ya uongo, ila ni picha ya ufukwe. Mji uliokuwa nyuma ya ufukwe huo ulionekana vingine na waliolala ndani yake, na hao nao hawakuuona kwa namna moja.

Wageni watatu wanaotajwa zaidi ni Richard Burton, David Livingstone na Henry Morton Stanley. Burton aliwasili Desemba 1856, Livingstone mwishoni mwa Januari 1866, na Stanley mwanzoni mwa Januari 1871. Tarehe hizi zinastahili kuzingatiwa kuliko ilivyozoeleka. Wote watatu walifika wakati wa kaskazi, pepo zinazoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, mji unapofurika mabaharia, wachuuzi na watumwa waliosubiri kuuzwa au kusafirishwa. Burton mwenyewe alitambua kwamba idadi ya watu iliongezeka sana msimu huo. Haitakuwa haki kudai kwamba aliujua msimu mmoja tu, kwa kuwa alikaa, pamoja na safari fupi ya Mombasa na mrima, hadi Juni 1857. Livingstone naye alingoja hadi Machi kabla ya kuelekea Ruvuma. Hata hivyo, mshtuko wa siku za kwanza ndio uliotangulia katika maandishi yao, na msomaji wa Ulaya aliupokea kama hukumu ya mwaka mzima.

Kuna tatizo jingine la wakati. Muswada wa Burton kuhusu Zanzibar ulipotea kwa miaka mingi huko Bombay, na kitabu hakikutoka hadi 1872. Alichokiona ni mji wa miezi ya mwanzo ya Seyyid Majid, mara tu baada ya Seyyid Said kufariki baharini Oktoba 1856. Waliokisoma walidhani wanasoma habari za mji wa Seyyid Barghash. Katika kipindi hicho cha kati mji ulikuwa umepigwa na kipindupindu mara mbili, na Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Mtafiti anayemnukuu Burton kwa mwaka wa kuchapishwa kitabu anaurudisha mji nyuma miaka kumi na tano bila kujua.

Kuhusu uvundo wenyewe, hakuna sababu ya kuwatetea wenyeji kwa kuukanusha. Ufukwe ulikuwa jaa la mji, na maji yakikupwa taka zote zilibaki wazi juani. Livingstone alichukizwa kiasi cha kuligeuza jina la Zanzibar kuwa mzaha wa harufu mbaya. Tofauti ipo katika maana waliyoitoa. Kwa msafiri, harufu ilikuwa dalili ya tabia ya watu. Kwa James Christie, daktari Mskoti aliyeishi na kutibu humo na kuchapisha kitabu chake kuhusu kipindupindu mwaka 1876, swali lilikuwa jingine: maji yanatoka wapi, na ugonjwa ulipita njia gani. Alifuatilia kipindupindu cha 1869 kikipita nchi ya Wamaasai hadi Pangani na kuvuka bahari kuingia mjini. Mgeni huyu alikuwa amekwisha kuwa mkazi, na macho yake yalibadilika kwa sababu hiyo. Barghash aliyatazama mambo kwa njia hiyo hiyo alipoagiza maji ya chemchemi yaletwe mjini kwa mabomba. Kazi hiyo haitajwi katika vitabu vya safari hata nusu ya jumba lake la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, ingawa kwa mchota maji bomba lilikuwa na maana kubwa kuliko jumba.

Ukimsoma Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, hukutani na harufu hata kidogo. Kwake mji ni mahali pa deni. Hapo ndipo mtu anapopewa bidhaa na matajiri kama Taria Topan, na hapo ndipo anaporudi na pembe ili amalize hesabu. Vichochoro vilivyomchanganya mgeni vilikuwa, kwa mfanyabiashara, njia za kwenda kwa mdai wake.

Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, anafungua upande ambao Burton asingeweza kuufikia. Wanawake wa daraja lake walitoka usiku, wakiongozwa na taa na kusindikizwa na watumwa, kwenda kuamkiana. Mji wake ni wa ua, ngazi na vyumba vya ndani. Aliporudi 1885, akiwa na manowari za Wajerumani, alikuta jumba la Mtoni limechakaa. Alikuwa mkazi aliyegeuka mgeni, na huzuni yake ni ya aliyekuja kudai urithi. Mtafiti hana budi kuisoma hivyo.

Wapo walioingia mjini bila kuchagua. Swema, msichana mdogo wa Kiyao, alifikishwa Zanzibar mwaka 1865 akiwa hoi kwa njaa na safari. Kwa kuwa hakuwa na thamani tena sokoni, alizikwa akiwa hai. Aliokolewa kaburini na kupelekwa kwa wamisionari Wakatoliki, ambao waliandika simulizi lake kwa Kifaransa. Sauti yake imepita katika lugha na madhumuni ya wengine, lakini maiti ambazo wageni walizitaja kama sehemu ya mandhari ya ufukwe hapa zinapata jina moja. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake.

Nusu ya pili ya mji ilikuwa ng'ambo ya hori, kwenye nyumba za udongo na makuti. Stanley aliipanga mitaa kwa usafi na harufu, na makazi ya Waafrika akayaweka mwisho. Lakini jina Ng'ambo halikutolewa na Mzungu. Ni jina la aliyesimama upande wa mawe akatazama ng'ambo, na limekubaliwa hata na wanaoishi humo. Ndiyo maana mgawanyo rahisi kati ya jicho la mgeni na jicho la mwenyeji hautoshi: ndani ya mji wenyewe palikuwa na mahali pa kutazamia na mahali pa kutazamwa.

Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, Ng'ambo ilipokea wengi waliotoka mashamba. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alihamia mjini mwaka 1911. Katika taarabu yake, ambayo ilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, mji ni mahakama, mapenzi, wivu na hila za wakubwa. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa, na muuaji aliyetoroka. Mgeni katika wimbo huo hatoi maoni juu ya mji. Anafia humo, na wakazi ndio wanaouliza haki iko wapi. Mwaka huohuo wa 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja, wakishikilia kuwa walijenga juu ya ardhi ambayo zamani haikuwa na malipo.

Mpango wa mji ulioandaliwa na H. V. Lanchester ulikuwa umechapishwa miaka mitano kabla, mwaka 1923. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wakati nyumba nyingi za udongo zilizoshuhudia mgomo zilikuwa zimekwisha kupisha maghorofa ya Michenzani. Kwa mtafiti wa Ng'ambo, hati za kodi, kumbukumbu za mahakama na santuri za taarabu zinabeba kazi ambayo upande wa pili wa hori hufanywa na kuta za mawe.